Kanuni za ruwaza au anotesheni: uchague ipi kugeuza XML kuwa objekti?

Ukipewa faili la XML na kuambiwa ulitumie ndani ya programu ya Java, kazi yenyewe ni moja tu: kutoa data kwenye tagi na kuiweka ndani ya objekti. Njia za kuifanya ni nyingi, na mabishano juu yake huwa marefu kuliko msimbo unaoandikwa. Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina kasi. Nimefanya kazi na njia zote nne ninazozilinganisha hapa, na sijawahi kujuta kwa sababu ya kasi. Nilikojuta ni pale nilipochagua njia inayodai klasi zangu zifanane na waraka usio wangu. Ndiyo maana siku hizi nauliza kwanza: umbo la waraka huu linaamuliwa na nani, na likibadilika nitajuaje?

Njia zenyewe ni hizi. Unaweza kuandika kwa mkono juu ya SAX au StAX, zana za Java zinazousoma waraka tagi baada ya tagi. Unaweza kutumia kanuni za ruwaza, na hapo jina kubwa ni maktaba ya Apache Commons Digester. Unaweza kuweka anotesheni (alama zinazoanza na `@`) kwenye klasi na kuiachia JAXB, maktaba inayozisoma alama hizo na kujaza objekti. Au unaweza kumwachia XStream kila kitu. Nitakaa zaidi kwenye Digester na JAXB kwa sababu uamuzi mgumu uko hapo. Zile mbili nyingine hujichagua au kujiondoa zenyewe mapema.

Waraka mmoja, njia mbili

Tuchukue waraka mdogo wa shehena:

```xml
<shehena namba="418">
  <mzigo uzito="12">
    <maelezo>Vioo</maelezo>
  </mzigo>
  <mzigo uzito="30">
    <maelezo>Vipuri</maelezo>
  </mzigo>
</shehena>
```

Upande wa programu kuna klasi mbili za kawaida, `Shehena` na `Mzigo`, zenye getter na setter zake. Kwa Digester tunaandika hivi:

```java
Digester d = new Digester();
d.addObjectCreate("shehena", Shehena.class);
d.addSetProperties("shehena");
d.addObjectCreate("shehena/mzigo", Mzigo.class);
d.addSetProperties("shehena/mzigo");
d.addBeanPropertySetter("shehena/mzigo/maelezo");
d.addSetNext("shehena/mzigo", "ongezaMzigo");
Shehena s = d.parse(faili);
```

Kila kanuni ina pande mbili: njia ya kuifikia elementi, na jambo la kufanya ikishafikiwa. Hiyo njia, kwa mfano `shehena/mzigo/maelezo`, ndiyo ruwaza. Chini kwa chini inayosoma waraka ni SAX. Kila tagi inapofunguka, Digester huongeza jina lake kwenye njia, hutafuta kanuni zinazolingana nayo, kisha huzitekeleza. Objekti zinazoundwa hupangwa kwenye rundo, ya karibuni ikiwa juu.

Tuifuate polepole. `<shehena>` inafunguka: objekti ya Shehena inaundwa, inawekwa kwenye rundo, na atributi `namba` inapelekwa kwenye `setNamba`. `<mzigo>` inafunguka: Mzigo mpya unakaa juu ya Shehena, na 12 inaingia kwenye `setUzito`. Maandishi "Vioo" yanakusanywa, na `</maelezo>` inapofunga, `setMaelezo` inaitwa kwenye objekti iliyo juu ya rundo, yaani Mzigo. Halafu inakuja `</mzigo>`, na hapa ndipo wengi huteleza. Tagi inapofunguka, kanuni hutekelezwa kwa mpangilio ulioziandikia. Tagi inapofunga, hutekelezwa kinyumenyume. Kwa hiyo `addSetNext`, iliyoandikwa mwisho, inatangulia: inauchukua Mzigo ulio juu na kuukabidhi kwa Shehena iliyo chini yake kupitia `ongezaMzigo`. Kisha `addObjectCreate`, iliyoandikwa mwanzo, inamalizia kwa kuuondoa Mzigo kwenye rundo. Zibadilishe nafasi hizo mbili, na Mzigo utakuwa umeshaondolewa kabla haujakabidhiwa. Hapo `addSetNext` itakamata objekti isiyo yake. Mpangilio ukikuingia akilini, Digester haina fumbo jingine kubwa.

JAXB inaanzia upande wa pili. Klasi yenyewe ndiyo inayotamka inavyofanana na waraka:

```java
@XmlRootElement(name = "shehena")
public class Shehena {
    @XmlAttribute int namba;
    @XmlElement(name = "mzigo") List<Mzigo> mizigo;
}
```

Baada ya hapo unaunda `JAXBContext`, unaiomba `Unmarshaller`, unaita `unmarshal`, basi. Hakuna rundo wala mpangilio wa kukumbuka. Ukiwa na skima ya XSD, yaani faili linaloeleza umbo halali la waraka, zana ya `xjc` inakuzalishia klasi zote pamoja na anotesheni zake, hata kama ni mia mbili. Na ukitaka kuirudisha objekti iwe XML tena, klasi hizohizo zinatosha, kwa kuwa `Marshaller` inasoma anotesheni zilezile. Digester haijui kurudi. Inasoma tu, kuandika utajitegemea.

Kwa mfano huu mdogo, JAXB inashinda bila ubishi. Nawaambia watu hivyo waziwazi, kwa sababu makala nyingi za kusifu kanuni za ruwaza hutumia mifano ya namna hii, kisha msomaji anajiuliza faida iko wapi.

Pale umbo lisipofanana

Faida huonekana pale waraka na klasi zinapoachana njia. Tuseme anayetuma shehena ameufunga waraka wake kwa matabaka: kuna `bahasha`, ndani yake `mwili`, ndani yake `orodha`, kisha ndiyo `mzigo`. Matabaka hayo hayana maana yoyote kwako. Kwa Digester, ruwaza inarefuka na kuwa `bahasha/mwili/orodha/mzigo`, na klasi ya Mzigo haiguswi. Kwa JAXB ya kawaida, kila tabaka linataka klasi yake, ukiacha msaada wa `@XmlElementWrapper` unaovuka tabaka moja tu la orodha. Matokeo yake ni klasi zinazoitwa Bahasha na Mwili zikizagaa kwenye mradi bila kazi, au jozi mbili za klasi na msimbo wa kunakili data kutoka jozi moja hadi nyingine. EclipseLink MOXy, utekelezaji mwingine wa JAXB, ililiona hilo ikaongeza anotesheni ya `@XmlPath`, ambayo kwa kweli ni ruwaza iliyohamishiwa ndani ya klasi. Ni nzuri, ila inakufunga kwa MOXy.

Hali ya pili inafanana na hiyo: waraka mmoja kwa matoleo mawili. Mtumaji wa zamani anaandika uzito kama atributi, wa sasa anauandika kama elementi. Unaandaa seti mbili za kanuni, zote zinajaza klasi ileile ya Mzigo, na programu nzima iliyobaki haijui kama kuna tofauti. Anotesheni zimegandishwa kwenye klasi, na klasi ni moja.

Ya tatu ndiyo iliyonishawishi zaidi: waraka unapochagua wenyewe klasi ya kuundwa. Digester ilizaliwa ndani ya mradi wa Struts, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa Java, kwa ajili ya kusoma `struts-config.xml`, kabla ya kutengwa iwe maktaba inayojitegemea. Tomcat, seva ya programu za wavuti za Java, hadi leo ina nakala yake, kwenye kifurushi cha `org.apache.tomcat.util.digester`, inayosoma `server.xml`. Fungua chanzo cha Tomcat utakuta kanuni ya `Server` inayotaja klasi ya kawaida, `StandardServer`, pamoja na jina la atributi, `className`. Msimamizi asipoandika kitu, klasi ya kawaida inaundwa. Akiandika `className` na jina la klasi yake, hiyo ndiyo inayoundwa, ingawa waliotengeneza Tomcat hawakuwahi kuiona. JAXB inataka kuzijua klasi zote unapojenga `JAXBContext`. Kuna namna za kuizunguka, lakini utakuwa unasukuma maji yapande mlima. Kwa faili la mipangilio la mfumo unaopokea viongezi vya watu wengine, sijaona kinachoifikia kanuni ile moja.

Ila shika hapo hapo: waraka unaotaja klasi ya kuundwa usipokelewe kutoka kwa mtu usiyemwamini. `server.xml` iko mikononi mwa msimamizi wa seva. Waraka uliopakiwa na mgeni kupitia fomu hauko.

Kuna pia nyota. Ruwaza `*/mzigo` inalingana na mzigo popote ulipo, kina chochote. Kwa miundo inayojirudia ndani yake, mathalani kundi ndani ya kundi, ni raha tupu. Lakini kuna mtego wake: kwa kanuni za msingi za Digester, ruwaza kamili inaifunika yenye nyota. Ukiwa na `*/mzigo` inayounda objekti, kisha ukaongeza `shehena/mzigo` kwa ajili ya jambo dogo tu, mizigo ya pale haitaundwa tena, kwa kuwa kanuni za nyota hazitafutwi kama ruwaza kamili imepatikana. Kwenye nyota mbili zinazogombana, ndefu ndiyo inayoshinda. Ukitaka ulinganifu mpana zaidi ipo `ExtendedBaseRules`, na ipo `RegexRules`. Nimezitumia zote mbili, na mara zote nimerudi kwenye kanuni za msingi, kwa sababu anayekuja kusoma msimbo wako baadaye atakuwa anazijua hizo tu.

Ukimya

Siku moja mtumaji mmoja aliongeza tabaka kwenye waraka wake bila kutuambia. Programu yetu iliendelea kukimbia vizuri kabisa. Shehena zilisomwa, zikahifadhiwa, ripoti zikatoka, na kila shehena ilikuwa na mizigo sifuri. Hapakuwa na eksepsheni wala mstari mmoja kwenye logi. Ruwaza `shehena/mzigo` haikuwahi kulingana na kitu, na kanuni isiyolingana haina pa kulalamikia. Tuligundua siku ya tatu, baada ya mtu kuuliza mbona maghala yote yamekuwa matupu kwa pamoja.

Nilipolisimulia hilo, mtetezi wa JAXB aliniambia kwao haliwezi kutokea. Linatokea. Tangu JAXB 2.0, `Unmarshaller` isiyowekewa skima wala msikilizaji wa matukio huiruka elementi isiyoijua na kuendelea, na uwanja wako unabaki `null`. Kosa la kila siku ni la nafasi-majina, yaani anwani ya `xmlns` inayotofautisha tagi zenye jina moja: waraka unayo, anotesheni za elementi za ndani hazina, basi hakuna elementi inayolingana ndani na zote ni `null`. Digester nayo ina mtego wake hapo. Isipowekwa `setNamespaceAware(true)`, inalinganisha jina kama lilivyoandikwa, kiambishi na nukta pacha pamoja. Mtumaji akibadilisha kiambishi kutoka `s:` kwenda `sh:`, jambo ambalo kisheria halibadilishi maana ya waraka, ruwaza zako zimekufa.

Na si majina tu. Mtu akiandika `uzito="12kg"` mahali pa namba, Digester inapitisha ubadilishaji kwa maktaba ya Commons BeanUtils, ambayo kwa mipangilio yake ya kawaida haitoi hitilafu: inaweka 0. JAXB nayo inauhesabu kuwa tukio la uhakiki, na kama hakuna anayesikiliza, uwanja unabaki kama ulivyokuwa. Mzigo wa kilo sifuri unasafiri mpaka kwenye ankara.

Tofauti iko kwenye dawa. Kwa JAXB ni mstari mmoja: `setSchema` ukiwa na XSD, au `setEventHandler` inayokataa kila tukio. Kwa Digester unakusanya vipande. `SetPropertiesRule` huvumilia atributi isiyo na setter mpaka uizimie uvumilivu huo kwa `setIgnoreMissingProperty(false)`. Vibadilishaji vya BeanUtils inabidi uvisajili upya ili vitoe hitilafu. Na kwa elementi zisizolingana hakuna swichi, utahesabu mwenyewe mwishoni kama ulichopata kinaingia akilini. Nakala ya Tomcat imejirekebisha kidogo hapa: atributi isiyotambuliwa huandikwa kwenye logi kama onyo. Aliyewahi kuendesha Tomcat kutoka ndani ya Eclipse analikumbuka lile onyo la `SetPropertiesRule` likisema limeshindwa kupata sifa ya `source` kwenye `Context`. Watu walilichukia. Mimi nimekuja kuliheshimu.

Kwa kigezo hiki JAXB inaongoza, mradi umewasha skima au msikilizaji wa matukio. Bila hivyo, wote wawili ni mabubu.

Faili kubwa

DOM hupakia waraka wote kwenye kumbukumbu kama mti, na ndiyo maana sijaiweka kwenye ulinganisho: huo ni mti wa elementi, si objekti zako. Ila usidhani JAXB inakuokoa moja kwa moja. Inasoma kwa mkondo, sawa, lakini mwishoni Shehena yenye mizigo milioni moja iko yote kwenye kumbukumbu.

Kwa Digester, `ongezaMzigo` ni methodi yako. Hakuna kinachoilazimisha itunze kitu. Inaweza kuuandika mzigo kwenye hifadhidata na kuusahau, na kumbukumbu ikabaki tulivu kwa faili la ukubwa wowote. Kwa JAXB jambo hilohilo linawezekana kwa kuichanganya na StAX: unasogeza `XMLStreamReader` hadi mwanzo wa kila `mzigo`, kisha unaita `unmarshal(reader, Mzigo.class)` kwa mzigo huo peke yake. Mchanganyiko huu naupenda kuliko watu wanavyoutumia. StAX inavuka matabaka yasiyo na maana, JAXB inajaza kipande chenye maana, na ule udhaifu wa umbo nilioueleza juu unapungua sana. Kama ungekuwa unachagua Digester kwa sababu ya matabaka na ukubwa wa faili tu, angalia hapa kwanza.

Kidokezo cha nyuzi, yaani kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu moja: `JAXBContext` ni ghali kuunda lakini nyuzi nyingi zinaweza kuitumia kwa pamoja, kwa hiyo iunde mara moja, `Unmarshaller` usiishirikishe. Digester nayo ni ya uzi mmoja. Unda mpya kwa kila usomaji; katika toleo la 3, lililotoka 2011, `DigesterLoader` inakurahisishia hilo, na toleo hilohilo lilileta anotesheni kwa asiyependa kuandika kanuni kwa mkono.

XStream, na mkono mtupu

XStream ni tamu siku ya kwanza. Huhitaji anotesheni wala kanuni. Inasoma sehemu za objekti zenyewe na kuzigeuza XML, na kuzirudisha. Kwa hiyo umbo la XML ni kivuli cha klasi zako. Ukibadilisha jina la uwanja, umebadilisha umbo la waraka. Inafaa pale ambapo programu yako ndiyo mwandishi na ndiyo msomaji. Usalama wake ulikuwa kidonda kwa miaka, kwani waraka uliotengenezwa kwa hila uliweza kuifanya iunde objekti za hatari. Kuanzia 1.4.18 ya mwaka 2021, klasi zinazoruhusiwa lazima ziorodheshwe. Ukirithi mradi wenye toleo la nyuma ya hapo, anza na hilo kabla ya yote.

SAX ya mkono naishauri kwa wachache. Mwandishi mpya husahau kwamba `characters` inaweza kuitwa mara kadhaa kwa maandishi ya elementi moja, kisha anashangaa mbona "Vipuri" imeingia kama "ri". Ukiivumilia hadi mwisho utakuta umeandika rundo lako, na njia yako, na jedwali la kanuni: yaani Digester, ila isiyojaribiwa. StAX inasomeka vizuri zaidi na haina kosa la kuitumia peke yake unapotaka vitu viwili vitatu tu kutoka kwenye waraka mrefu.

Kama waraka wako ni wa maandishi yaliyochanganyika na tagi, aya yenye maneno ya mkozo (herufi nzito) katikati kwa mfano, Digester iache: inayaunganisha maandishi ya elementi pamoja na kupoteza tagi ya ndani ilikaa wapi. JAXB ina `@XmlMixed`, lakini hata hapo mimi ningetumia XSLT, lugha ya kubadilisha nyaraka za XML. Nayo, kwa njia, ni kanuni za ruwaza, tangu 1999, isipokuwa inazalisha waraka mwingine badala ya objekti.

Umri na mlango wa nyuma

JAXB iliingia ndani ya Java 6, watu wakazoea kuikuta humo, kisha ikaondolewa katika Java 11 mwaka 2018. Sasa unaiongeza mwenyewe kama maktaba, na kuanzia toleo la 3.0 kifurushi chake si `javax.xml.bind` tena bali `jakarta.xml.bind`. Kuchanganya la zamani na jipya kwenye mradi mmoja kunaweza kuzaa ukimya ule ule: anotesheni zipo, lakini si zile zinazotafutwa. Pamoja na usumbufu huo, JAXB ina watu wengi nyuma yake. Digester imetulia kiasi cha kusinzia, na sitaanza nayo mradi mpya ila kwa ile hali ya tatu, ya waraka unaochagua klasi, au pale matoleo ya waraka yanapokuwa mengi na klasi lazima ibaki moja.

Ukiwa tayari unayo na inafanya kazi, sioni haja ya kuing'oa. Pitia mambo mawili. Hakikisha Commons BeanUtils inayoburutwa nayo si ya nyuma ya 1.9.4, maana matoleo ya kale yaliruhusu sifa ya `class` kufikiwa kutoka nje. Na kama nyaraka zinatoka kwa wengine, funga DOCTYPE, tangazo la mwanzo wa waraka linaloweza kuvuta data ya nje, kabla ya kusoma herufi ya kwanza:

```java
d.setFeature("http://apache.org/xml/features/disallow-doctype-decl", true);
```

Anayesoma kwa JAXB kupitia StAX anafanya vilevile kwa kuweka `XMLInputFactory.SUPPORT_DTD` kuwa `false`.